Mbele ya kuogelea, tujifunze kupumua

Ndugu za kazi, kila mwezi wa kumi, joto ikikamata, batoto betu wanakimbilia mashimo ya zamani yenye kujaa maji. Tunawapigia makelele, lakini sisi wenyewe, wengi wetu, hatujui kuogelea. Tunashuka mu mine bila kutetemeka, na maji ya kufika kifua inatuogopesha.

Tuseme wazi: shimo la mine si mahali pa kujifunzia. Kando zake ni wima, hakuna pa kushika, na chini maji ni baridi sana. Baridi ile ikikupiga gafula, pumzi inakimbia, unafungua kinywa, maji inaingia.

Mwili na kichwa vinatayarishwa polepole. Chagua maji ya kifua, pembeni yako awe mtu mwenye kujua. Vuta pumzi, ingiza uso, puliza ndani ya maji. Kesho tena. Kisha lala mgongoni, masikio ndani ya maji: mapafu yakijaa hewa, mwili unaelea. Anayeinua kichwa kwa woga, miguu yake inazama. Na pombe hapana, hata chupa moja. Sisi wa vumbi, kwanza munganga asikilize kifua.

Na ile piscine ya cité, yenye kukauka mpaka majani imeota ndani? Mu mkutano na wakubwa wa kampuni tutaiandika ku karatasi moja na mshahara. Kuna wenzetu watacheka. Bamama hawacheke; walishatuuliza mara tatu.