Mtambo wa nyuklia Siaya: Nani atamlipa mvuvi wa Mwanza?

MPANGO wa Kenya wa kujenga kituo cha kwanza cha kufua umeme kwa nguvu za nyuklia umezungumzwa kwa miaka mingi kama jambo la pwani ya Bahari ya Hindi. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipoupinga kwa nguvu, macho ya wakubwa yaligeukia upande wa pili wa nchi, na katika mwaka 2025 ufuko wa kaunti ya Siaya, kando ya Ziwa Victoria, ulianza kutajwa waziwazi.

Tangu hapo jambo hilo si la Wakenya peke yao. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya eneo la ziwa, wakati Tanzania inamiliki karibu nusu. Kutoka Siaya hadi Shirati, mkoani Mara, ni karibu kilomita 100 kwa njia ya anga. Hadi Mwanza hazifiki 300. Jiji la Mwanza hunywa maji ya ziwa hilo, na bomba linaloanzia Ihelele, wilayani Misungwi, huyapeleka maji hayo hadi Kahama, Shinyanga na Tabora, kwa watu ambao pengine hawajapata kuliona ziwa lenyewe.

Ajali kubwa za mitambo ya nyuklia ni chache, na wataalamu wa nishati wana haki ya kulikumbusha hilo. Lakini sheria haiwekwi kwa ajili ya siku za salama. Swali ambalo halijasikika sana katika mjadala huu ni la kawaida kabisa: ikitokea ajali, nani atalipa, kiasi gani, na mbele ya mahakama ipi?

Dunia ina majibu yake. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, uliowekwa chini ya Wakala wa Kimataifa wa Nguvu za Atomiki (IAEA), unamtwisha mwendeshaji wa mtambo dhima yote. Mdai halazimiki kuthibitisha uzembe. Inatosha kuonyesha kwamba madhara yametokana na ajali hiyo. Mwendeshaji hulazimika pia kuwa na bima au dhamana ya fedha. Kwa mvuvi asiye na uwezo wa kukodi wahandisi wa kutoa ushahidi, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, upole huo una bei yake. Kampuni iliyounda mtambo, hata kama kosa ni lake, haishtakiwi na waathirika. Kesi husikilizwa, kwa kawaida, katika mahakama za nchi ilikotokea ajali. Na dhima inaweza kuwekewa kikomo: mkataba wa awali uliruhusu kikomo cha dola milioni 5 tu kwa thamani ya dhahabu ya wakati ule. Itifaki ya mwaka 1997 ilipandisha kiwango cha chini hadi milioni 300 za kipimo cha fedha cha IMF, yaani takriban dola milioni 400 za Marekani.

Kiasi hicho kikilinganishwa na Fukushima kinaonekana kidogo mno. Sheria ya Japan ya mwaka 1961 haikuweka kikomo, na baada ya ajali ya Machi 2011 kampuni ya TEPCO, ikibebwa na serikali, imelipa fidia inayozidi yeni trilioni 10. Chernobyl ni sura nyingine. Umoja wa Kisovieti haukuwa mwanachama wa mkataba wowote wa aina hii mwaka 1986, na haukulipa fidia kwa mataifa ya nje. Wafugaji wa kondoo wa Wales, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka mtambo ule, waliendelea kubanwa na masharti ya kuuza mifugo hadi mwaka 2012. Waliofidiwa walilipwa na serikali yao wenyewe.

Kuna suala la muda pia. Sheria ya Ukomo ya Tanzania humpa mdai wa madhara miaka 3 tu kufungua shauri, ilhali saratani inayosababishwa na mionzi huweza kuchukua miaka 10 au 20 kujitokeza. Mkataba wa 1963 unatoa miaka 10. Itifaki ya 1997 inatoa 30 kwa vifo na madhara ya mwili.

Lakini kwa Kanda ya Ziwa, hasara ya kwanza huenda isiwe ya mwili. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za wavuvi kutumia sumu. Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza viliyumba, na wavuvi ambao hawakuwahi kugusa sumu wakakosa soko. Mionzi ingeleta hofu kubwa zaidi, hata kama vipimo vingeonyesha samaki ni salama. Je, mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, kwa wanunuzi kutoka Kongo na Burundi, bila stakabadhi wala vitabu vya hesabu, atathibitishaje hasara yake mbele ya jaji wa Nairobi?

Mkataba wa fidia ya nyongeza, ulioanza kutumika tarehe 15 Aprili 2015, unaongeza mfuko unaochangiwa na nchi wanachama, na nusu ya fedha zake hutengwa kwa madhara yanayovuka mpaka. Sharti ni moja: fedha hizo ni kwa madhara yanayozipata nchi wanachama. Asiyeingia kabla ya ajali hana mlango wa kubisha baadaye.

Uganda nayo ina mpango wake Buyende, karibu na Ziwa Kyoga. Huko maji ya Nile hutelemka kwenda kaskazini, mbali na Victoria, ingawa upepo haufuati mkondo wa mto. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina itifaki ya bonde la Ziwa Victoria na ina mahakama yake Arusha. Mazungumzo kuhusu kikomo cha dhima, muda wa madai na mahali pa kushtaki yana uzito zaidi kabla ya zege la kwanza kumwagwa Siaya, wakati ambapo Kenya bado inahitaji ridhaa ya majirani zake.