Ustadi Hauletwi kwa Amri

Kuna neno lililoenea siku hizi katika baraza zetu, nalo lanenwa hata na walimu, watu wanaotazamiwa kulipima neno kabla ya kulitoa kinywani. Neno lenyewe ni hili: "Taifa lisilojiundia silaha zake si taifa. Basi na tujenge viwanda vya silaha upesi, mengine yatafuata." Nusu ya kwanza ya neno hili ina kweli ndani yake, wala siikani. Nusu ya pili ni udanganyifu, tena udanganyifu wa gharama kubwa. Nami nataka kuuonyesha kwa habari za nchi moja ya Afrika iliyolijaribu jambo hili kwa muda wa zaidi ya miaka mia na hamsini, yaani Uhabeshi, ambayo leo twaiita Ethiopia.

Mfalme Tewodros wa Pili alitawazwa mwaka 1855. Alikuta nchi imegawanyika, akataka kuiunganisha. Akaona kwamba mataifa ya Ulaya yana nguvu kwa sababu yana mafundi. Basi mahali paitwapo Gafat, karibu na Debre Tabor, palikuwa na wamisheni mafundi waliotoka katika chuo cha Mtakatifu Chrischona, karibu na Basel. Walikuja na Biblia na vyombo vya useremala. Mfalme aliwapokea vema, lakini alichokitaka zaidi kwao kilikuwa mizinga. Wakajibu kwamba hawajui kazi hiyo. Mfalme hakukubali jibu hilo, akawaamuru wajaribu. Wakajaribu, kazi ikaharibika. Wakajaribu tena, na mwisho wakafaulu. Mzinga mkubwa kuliko yote waliousubu uliitwa Sebastopol, nao ulikuwa na uzito wa tani 7 hivi.

Mtu atasema, "Tazama, amri imefaulu!" Ngoja kwanza, ndugu yangu. Mwaka 1862 Tewodros alimwandikia barua Malkia Victoria, akitaka urafiki. Jibu halikuja. Kwa hasira akamfunga balozi wa Uingereza na Wazungu wengine, na Uingereza ikatuma jeshi chini ya Sir Robert Napier. Mwezi wa Oktoba 1867 Mfalme aliiteketeza Debre Tabor, akashika njia kwenda ngome yake ya Magdala, na Sebastopol nyuma yake. Mamia ya watu waliuburuta mzinga ule kwa kamba, wakipasua miamba na kutengeneza barabara mpya mbele yake. Mfalme mwenyewe alishika kazi kwa mikono yake. Safari ile ilichukua karibu miezi sita. Hata siku ya vita, tarehe 10 Aprili 1868, Wahabeshi mia saba hivi walianguka mbele ya bunduki mpya za Waingereza zilizojazwa risasi kwa nyuma. Na Waingereza waliokufa hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Tarehe 13 Aprili Magdala ikatekwa, na Tewodros akajiua kwa bastola ambayo Malkia yule yule alimpa zawadi hapo zamani. Sebastopol ungali uko mlimani pale hata leo, nao haukumwokoa aliyeuamuru.

Twajifunza nini hapo? Kwamba Mfalme alipata mzinga, lakini hakupata ufundi. Mzinga ni kitu. Ufundi ni watu. Kule Gafat palikuwa na mwanzo mwema: mafundi walikosea, wakatafuta kosa lao, wakarudia, na vijana wa nchi walikuwapo karibu nao wajifunze. Hiyo ndiyo shule. Kama ingelindwa miaka thelathini, nani ajuaye ingezaa nini? Walakini Mfalme hakuwa na subira ya mwalimu. Alikuwa na haraka ya jemadari. Nguvu zote za nchi zikamiminwa katika chombo kimoja kikubwa cha kutisha, na siku Mfalme alipokufa, kazi nayo ikafa.

Sasa na tutende haki, tuitazame pia ile nusu ya kweli. Tarehe 1 Machi 1896 Mfalme Menelik wa Pili aliwashinda Waitalia huko Adwa, na ushindi ule ulisikika duniani kote. Bunduki zake nyingi zilikuwa za kununua, nyingine zimetoka kwa Waitalia wenyewe. Basi mwenye kusema kwamba silaha ya kununua haishindi vita, amesema uongo. Lakini hesabu ilikuja kudaiwa baadaye. Mwaka 1935, Italia ilipojiandaa kuirudia Ethiopia, Uingereza na Ufaransa zilizuia ruhusa za kuuza silaha kwa pande zote mbili. Kwa macho ya haraka, hiyo ni haki sawa kwa sawa. Walakini Italia ilikuwa na viwanda vyake mwenyewe, na Ethiopia haikuwa na viwanda vya kuitosheleza. Mlango mmoja ulifungwa juu ya watu wawili, mmoja ana ghala ndani ya nyumba, mwingine hana kitu. Tarehe 5 Mei 1936 Waitalia waliingia Addis Ababa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini; na asiye na ndugu wa kweli hufa upesi zaidi.

Kwa nini basi, kati ya Magdala na Addis Ababa, miaka karibu sabini ilipita bila nchi ile ya kale kupata mafundi wake wa kutosha? Sababu ni nyingi, lakini moja yanihusu mimi mwalimu, nayo ni dharau. Mhunzi wa Uhabeshi aliyefua jembe la mkulima na mkuki wa askari alihesabiwa kuwa mtu wa kijicho, agekaye fisi usiku. Watu walinunua jembe lake mchana, wakamwogopa jioni, wala hawakumpa binti zao. Menelik aliyaona madhara hayo. Mwaka 1908 alitoa tangazo la kuwakataza watu wasiwatukane mafundi kwa sababu ya kazi zao. Tangazo lilikuwa jema. Lakini dharau iliyolelewa vizazi kwa vizazi haiondoki kwa karatasi moja. Mfalme aweza kuamuru mzinga; hawezi kuamuru mama aseme, "Mwanangu, kuwa mhunzi."

Na tuje karibu na siku zetu. Mwaka 2010 Serikali ya Ethiopia iliunda shirika kubwa la vyuma na uhandisi, likajulikana kwa jina la METEC, likiongozwa na wanajeshi. Viwanda vya silaha viliwekwa ndani yake, na kimojawapo chaitwa kwa jina lile lile la Gafat. Nia ilikuwa nzuri: silaha za nyumbani, mitambo ya nyumbani, fedha ibaki nyumbani. Likapewa kazi juu ya kazi: viwanda vya sukari, na hata mitambo ya bwawa kubwa la mto Nile. Kazi zikachelewa, fedha zikaenda. Mwezi wa Agosti 2018 Serikali ililiondoa shirika katika kazi ya bwawa. Na Novemba mwaka ule ule Mwanasheria Mkuu wa nchi alitangaza kwamba lilikuwa limenunua vitu vya nchi za nje vya thamani ya birr bilioni 37 bila zabuni. Fikirini, wasomaji: shirika lililoundwa ili nchi isinunue nje, likashtakiwa kwa kununua nje pasipo kuulizwa!

Hapa ndipo ilipo shabaha ya maneno yangu. Mafundi wa Gafat walisema "hatujui," na Mfalme hakutaka kusikia. Shirika la juzi lilipewa kazi zisizolingana na ustadi wake, na hesabu zake hazikusomwa mapema na wenye haki ya kuzisoma. Wakati ni mbali, kosa ni moja. Mwalimu yeyote alijua kosa hilo. Darasa ambalo mtoto huchapwa kwa kusema "sijui" halina mtoto asemaye "sijui"; wote hujua, hata siku ya mtihani. Vivyo hivyo kiwanda ambacho fundi hawezi kusema "hatujaweza bado" kitaleta taarifa nzuri kila mwaka, hata siku ya vita.

Najua nitajibiwa, "Mambo ya silaha ni siri." Naam, ziko siri za haki: ramani ya bunduki, idadi ya risasi ghalani. Walakini kama fedha ilitumika vema au iliibwa, hiyo si siri ya vita. Adui haimsaidii kitu, na mwananchi ndiye mwenye mali. Bunge na wakaguzi wazione hesabu hizo, hata kama ni katika chumba kilichofungwa. Siri ya kweli humficha askari asionekane na adui. Siri ya uongo humficha mwizi asionekane na mwenye nyumba.

Wala tusisahau kwamba silaha haina macho ya kuchagua. Ethiopia ilipigana vita vya ndani katika Tigray tangu Novemba 2020 hata mapatano ya Pretoria ya Novemba 2022, na watu wengi wasio na hatia walikufa. Silaha, ziwe za kununua au za kuundwa nyumbani, zaweza kumgeukia mwenye nyumba. Hiyo nayo ni sababu ya kutaka kiwanda chenye kuulizwa, wala si chenye kutetemekewa.

Na sisi je? Tanzania ina Shirika la Mzinga huko Morogoro, ambalo mradi wake ulianza mwaka 1971, na Nyumbu huko Kibaha, walipojaribu kuunda magari kwa mikono ya wenyeji. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret, na Aprili 2021 ilifungua kiwanda cha bunduki ndogo Ruiru. Sizicheki juhudi hizo, naziheshimu. Lakini nauliza, mafundi wa kesho watatoka wapi? Mwaka mmoja nilimshauri mzazi ampeleke kijana wake chuo cha ufundi, maana mikono ya kijana yule ilikuwa na akili kuliko ya wengi. Mzazi alinijibu kwa uchungu, "Mwalimu, mwanangu amekukosea nini?" Nami nikanyamaza, maana nilikumbuka ni sisi walimu tunaowaambia wavivu kila siku, "Usiposoma utakuwa fundi." Sisi tumekifanya chuo kuwa adhabu, kisha twataka taifa lisubu mizinga!

Kwa hiyo, ndugu yangu wa barazani, usiniulize kiwanda kitajengwa lini. Niulize kama wanafunzi wako wana tupa na nyundo, kama mhunzi wa kijiji huitwa shuleni kufundisha, kama fundi huruhusiwa kusema kweli mbele ya mkubwa wake, na kama daftari la fedha lina msomaji. Hayo yakiwapo, silaha za kuulinda mpaka zitaundwa kwa wakati wake, pamoja na majembe, pampu na mashine za kusaga.

Lugha yetu ina neno moja, mzinga, kwa chombo cha vita na kwa nyumba ya nyuki. Mrina asali atundikaye mzinga mtupu na kuuamuru utoe asali atachekwa na kijiji kizima. Basi tusiwe watu wa kuchekwa.