Shetani wa Picha Hamli Mtu

Mwalimu mwenzetu alipita Kariakoo amechukua picha iliyofungwa kwa gazeti. Gazeti likapasuka. Picha ilikuwa ya namna ile ya marehemu George Lilanga: viumbe wenye masikio makubwa, macho ya kutokeza, matumbo ya duara na vinywa vinavyocheka. Muuza vitunguu mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, ondoa shetani wako hapa!" Na alipofika kijijini, wazee wa kanisa wakamshauri aichome moto. Sisi twasema wamekosea, na kosa lao si dogo.

Kwanza, wanapigana na neno. Wachongaji Wamakonde wa Dar es Salaam, tangu miaka ya karibu na 1960, huita kazi za namna hii shetani. Lakini huyo si yule mshitaki wa Maandiko. Ni viumbe wa porini waliosimuliwa na mababu, wengine wakali, wengine wachokozi tu. Majina yamefanana, wenyewe si mmoja. Mtu akimwita mwanawe Simba, je, jirani na afungie mbuzi wake?

Pili, wasema, "Vitu hivi haviko duniani, kwa hiyo ni uongo." Je, wanyama aliowaona Danieli walichungwa malisho gani? Mambo mengine hayasemeki ila kwa mfano. Hata Ulaya, tangu 1924, walitokea mafundi waliojiunga kuchora mambo kama ya ndoto. Mmoja wao, Salvador Dalí, alichora mwaka 1931 saa zilizolegea kama nguo zilizoanikwa, na nyingine imejaa sisimizi. Wengi huisoma hivi: wakati huyeyuka, na kila kitu huoza. Lakini pale mauti yako kimya, katika pwani tupu. Kwa Lilanga nafasi tupu ni haba. Viumbe wamesongamana, wanacheza, wanashikana. Vidole vyao havitimii, wala ngoma haikukoma. Sisi twaisoma hivi: mwili una upungufu na siku ni chache, lakini mtu hayuko peke yake.

Wala mchoraji huyu hakuyajua hayo kwa kusikia. Alianza kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, mjini Dar es Salaam, kisha akawa fundi mwenye sifa hata ng'ambo. Kisukari kikamwondolea miguu, naye akaendelea na kazi, mpaka alipofariki mwaka 2005. Je, tuichome kazi yake kwa kuwa inacheka mahali tulipotaka ilie?

Tatu, hao waogopao mauti ubaoni huyakanyaga kila siku. Jina la Kariakoo limetoka kwa kile kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, katika vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa maradhi, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Huko mjini sanamu ya Askari imesimama na bunduki yake tangu 1927. Watu huipita wakienda kazini, wala hatujasikia mzee wa kanisa akisema ivunjwe. Shaba ya vita haiwatishi, ila kibao cha rangi kinachocheka chawatisha!

Twakubali jambo moja. Wapo watumiao jina la shetani kuwatisha wagonjwa na kuwala fedha zao. Hao na tupigane nao. Lakini mganga mwongo ataka uogope, na picha hii yataka ucheke. Na mtu aliyekwisha kucheka ni vigumu kumwuzia hirizi.

Basi, kabla ya kuwasha kiberiti, itazameni, mkawaulize watoto wanaona nini. Mwenzetu hakuichoma. Ameitundika darasani, na wanafunzi wamekwisha kuhesabu vidole vya kila kiumbe. Anayetupinga na atuandikie. Ila kwanza aje aitazame.