CHP wa Migori na Homa Bay Analipwa Finje kwa Kila Boma, Halafu Tunataka Miujiza

Wasee, tupige hesabu kidogo, hata kama wewe kama mimi ulikuwa unaikwepa shule. CHP, yaani yule mhamasishaji wa afya wa mtaa mwenye begi na simu, amepewa kama boma 100 za kutembelea. Posho yake ni 5,000 kwa mwezi. Gawanya. Hiyo ni finje kwa kila boma, mwezi mzima. Ukipanda nduthi kutoka Ndhiwa kuingia ndani kidogo, finje imeisha kabla hujabisha hodi.

Na kazi si ya kupiga stori. Huku kando ya ziwa CHP anadunga mtoi kidole, anapima malaria, na dawa zikiwepo anampa hapo hapo. Anazungusha ile tepu kwa mkono wa mtoi kuona kama njaa imemwingia. Anasukuma mama mjamzito aende kliniki mapema.

Sasa cheki hii ya chanjo ya malaria. Kenya iliizindulia Homa Bay, Septemba 2019, na Migori ikawa kati ya kaunti 8 za kwanza. Mwaka 2021 WHO ikaipitisha itumike kwa watoi wa Afrika. Yaani watoi wa huku ndio walifungulia wengine njia. Lakini sindano ni nne: miezi 6, 7, 9, halafu miezi 24. Hiyo ya nne ndio noma. Mtoi anakimbia, surua ya pili alimaliza akiwa na miezi 18, mathe haoni sababu ya kurudi hosi. Familia ya mvuvi nayo labda imeshahama, omena imepungua Mbita wakasonga Muhuru Bay. Nani anajua huyo mtoi alibakisha moja? Daktari hajui. CHP ndiye anajua, na kumfuata ni nauli yake mwenyewe.

Kuna mahali walishtuka mapema. Kijiji cha Lwala, pale Rongo, ndugu wawili Milton na Fred Ochieng' walimalizia kliniki iliyoanzishwa na baba yao, ikafunguliwa 2007. Wazazi wote wawili walikuwa wameondoka kwa sababu ya Ukimwi. Shirika lililotoka hapo halikuwafukuza nyamrerwa, wale mama waliokuwa wanazalisha wenzao nyumbani. Liliwafunza, likawapa msimamizi, likawalipa. Hiyo ya kulipa ndio serikali ilichukua miaka mingi kuelewa. Mama wa kijiji akiitwa wa kujitolea, watu husahau kwamba pia yeye hununua unga.

Sitanyima mtu haki yake. Septemba 25, 2023 Rais Ruto alitoa CHP 100,000 pale Uhuru Park, na kit, na simu. Mwezi uliofuata sheria ya afya ya msingi ikatiwa saini. Ile 5,000 ikagawanywa: 2,500 Nairobi, 2,500 kaunti. Na hapo ndipo shida ilijificha, kwa sababu mifuko ikiwa miwili, kila mmoja anangoja mwingine. Umeona CHP wa kaunti tofauti wakilia kwa TV kuhusu posho ya miezi kadhaa. Halafu Januari 2025 Trump akafunga mfereji wa misaada, na huku ambako HIV imekaa sana, watu waliokuwa wanafuatilia mama na watoi walitumwa nyumbani. Unadhani hizo boma zimebaki na nani? Yule yule wa finje.

Kwa hivyo ukisikia gavana akihesabu kit alizogawa, mi siskizi sana. Kit haitembei. Bajeti ya kaunti inafaa kufika bunge lao kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wanaitwa kutoa maoni. Kama ocha yako ni Rongo, Nyatike, Suba ama Ndhiwa, shika MCA wako hapo umuulize: ile 2,500 ya kaunti ililipwa mara ya mwisho mwezi gani?