Saa Zisizohesabiwa: Wahudumu wa Ndege na Waajiri Wao

Abiria anapoingia ndani ya ndege humkuta mhudumu amesimama mlangoni, amevaa nadhifu, anatabasamu na kumwonyesha kiti chake. Wengi wetu hudhani kwamba mtu huyo amekwisha kuanza kazi na kwamba ujira wake unahesabiwa. Sivyo ilivyo. Katika mashirika mengi ya ndege ya Marekani na Kanada, kwa miaka mingi, mhudumu amelipwa kwa saa za safari tu, na saa hizo huanza pale milango inapofungwa na ndege kuachia breki ili iondoke. Yote yanayotangulia dakika hiyo ni kazi, lakini si kazi yenye ujira.

Tungependa wasomaji wetu waifahamu kazi hiyo kabla hatujatoa maoni. Mhudumu hutakiwa kuripoti saa moja au zaidi kabla ya ndege kuondoka. Hujiandikisha, na akichelewa, nafasi yake yaweza kupewa mwingine, naye akatakiwa kujieleza mbele ya msimamizi. Hufuata kikao kifupi pamoja na rubani: hali ya hewa, idadi ya abiria, mgonjwa anayehitaji msaada, mtoto anayesafiri peke yake. Kisha huingia katika ndege iliyo tupu kukagua mitungi ya oksijeni, vizima moto, sanduku la huduma ya kwanza na milango ya dharura. Ndipo abiria huanza kuingia, na hapo pana kazi nzito kweli kweli: kuinua mizigo isiyoenea katika makabati, kuwapatanisha wawili wanaogombea kiti kimoja, kumtambua mlevi kabla hajapaa angani pamoja na wenzake mia mbili. Muda huo wote, katika utaratibu tuliousema, saa ya mshahara haijaanza kupiga. Ipo posho ya safari, ni kweli, lakini hiyo ni ya chakula na matumizi madogo ya njiani, wala haistahili kuitwa ujira. Na ndege ikicheleweshwa na ukungu au ubovu wa mtambo, wahudumu huvumilia hasira za abiria kwa saa ambazo malipo yake, kama yapo, ni kidogo mno.

Wapo pia wahudumu wa akiba. Hao aghalabu ni wageni katika kazi, kwa maana upangaji wa zamu hufuata urefu wa utumishi: wakongwe huchagua kwanza, wapya hupokea kilichobaki. Mhudumu wa akiba hukaa karibu na simu, sare imepigwa pasi, mkoba umefungwa. Akiitwa hana budi kufika uwanjani katika muda mfupi uliowekwa. Hawezi kusafiri kwenda kumwona mama yake mgonjwa. Hawezi kuonja hata glasi moja ya bia katika harusi ya ndugu yake. Anawakumbusha wasomaji wa Injili wale vibarua waliosimama sokoni kutwa, ila hawa wanasimama wakiwa wamekwisha kuajiriwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba hawa ni watu wa kugawa chai, na kwamba tunawakuza bila sababu. Tunawajibu kwa tukio moja. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda mjini Tokyo, ndege ya shirika la Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani, ikawaka moto. Katika ile ya walinzi wa pwani, watano kati ya sita walifariki. Lakini watu wote 379 waliokuwamo katika ndege ya abiria walitoka hai. Mfumo wa kutangazia ulikuwa umeharibika. Wahudumu wakatumia vipaza sauti vya mkononi na sauti zao wenyewe, wakachungulia ni milango ipi iliyo salama, wakafungua mitatu kati ya minane. Kazi ya mhudumu ni hiyo hasa, na chai huja baadaye. Tena ule ukaguzi wa milango ufanyikao kabla ya abiria kuingia ni sehemu ya kazi hiyo hiyo; na ndiyo saa isiyolipwa.

Dharau hii ina historia. Mwaka 1930 muuguzi Ellen Church alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kwa kazi hiyo huko Marekani. Yeye na wenzake saba walitakiwa wawe wauguzi, wasiwe wameolewa, wasiwe wanene wala warefu kupita kipimo. Baadaye, kwa miongo kadhaa, aliyeolewa alifukuzwa, aliyefikia miaka 32 au 35 katika baadhi ya mashirika alifukuzwa, na mizani ilingoja ofisini kuwapima uzito kama magunia ya kahawa. Ilihitaji Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, na kesi nyingi baada yake, kuziondoa kanuni hizo. Mwajiri aliyezoea kumhesabu mfanyakazi wake kuwa pambo hawezi kwa urahisi kumhesabia saa zake.

Na sasa tufike Kanada. Wahudumu zaidi ya 10,000 wa shirika la Air Canada, waliojiunga katika chama cha CUPE, mkataba wao wa hali bora wa miaka kumi ulikwisha mwezi Machi 2025. Walipopiga kura juu ya mgomo, asilimia 99.7 waliukubali. Madai yao makuu yalikuwa mawili: nyongeza ya mshahara ulioliwa na kupanda kwa bei, na malipo ya kazi ya ardhini. Ni haki tuseme kwamba shirika halikukataa katakata. Lilikuwa tayari kulipa nusu ya kiwango kwa muda wa ardhini; chama kilitaka kiwango kamili, kikiuliza kazi hiyo ni nusu kwa sababu gani. Hatukuona jibu la kuridhisha kwa swali hilo.

Mgomo ulianza usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025. Hazikupita saa 12, waziri anayehusika na ajira, Patty Hajdu, alitumia kifungu cha 107 cha Sheria ya Kazi, akaiagiza Bodi ya Mahusiano Kazini iwarudishe wahudumu kazini na kuupeleka mgogoro kwenye uamuzi wa lazima. Bodi ikaamuru warudi Jumapili saa 8 mchana. Hawakurudi. Tarehe 18 bodi ikatamka kwamba mgomo si halali. Kiongozi wa chama, Mark Hancock, akajibu kwamba kama ni kwenda jela, yuko tayari. Alfajiri ya tarehe 19 pande mbili zilipatana mbele ya msuluhishi. Malipo ya ardhini yalikubaliwa kuanzia nusu ya kiwango, kwa dakika 60 katika ndege ndogo na dakika 70 katika zile kubwa. Sehemu ya mshahara ilipelekwa kwa wanachama wenyewe mwezi Septemba, nao wakaikataa kwa asilimia 99.1, ikabidi ipelekwe kwenye usuluhishi na uamuzi, kama ilivyokuwa imekubaliwa tangu mwanzo, bila mgomo mwingine.

Maoni yetu juu ya jambo hili ni wazi. Hatusemi kwamba mgomo haudhuru. Shirika lile husafirisha watu wapatao 130,000 kwa siku, na miongoni mwao walikuwamo waendao kuzika na waendao kutibiwa. Machozi yao ni ya kweli. Lakini serikali inayokimbilia amri kabla siku moja haijaisha inaharibu mazungumzo yote yajayo, kwa kuwa mwajiri ajuaye kwamba waziri atamwokoa hana haja ya kuketi mezani kwa moyo wa dhati. Na kifungu hicho hicho kilikuwa kimekwisha kutumika mwaka 1 kabla, 2024, kwa wafanyakazi wa reli, wa bandari na wa posta. Mlango wa dharura ukifunguliwa kila siku, si wa dharura tena. Aidha, yafaa kukumbuka kwamba ndani ya siku tatu baada ya amri kukataliwa, mapatano yaliyodaiwa kuwa hayawezekani yakawezekana.

Waajiri wana hoja moja inayostahili kujibiwa. Wanasema: kiwango cha saa ya safari kilipangwa kikubwa makusudi, ili kifidie na muda wa ardhini; wakilipa huku, watapunguza kule. Hesabu hiyo ingekuwa ya haki kama wahudumu wote wangefanya safari za namna moja. Hawafanyi. Mkongwe achaguaye safari ya saa kumi na nne kwenda Asia hupokea abiria mara moja. Kijana apewaye safari nne fupi kwa siku moja hupokea abiria mara nne, na pengine saa zake za hewani ni chache kuliko za mwenzake. Kwa hiyo mzigo wa saa zisizolipwa huwaelemea zaidi wale wenye kipato kidogo zaidi. Na hapa hata vyama vya wafanyakazi vijichunguze, maana wakongwe ndio wenye sauti katika vikao. Wala jambo hili haliwezi kuitwa ndoto: shirika la Delta la Marekani, ambalo wahudumu wake hawana chama, lilianza mwaka 2022 kulipa nusu ya kiwango wakati wa kupokea abiria, huku kampeni ya kuunda chama ikiendelea miongoni mwao. American Airlines wakafuata katika mkataba wa mwaka 2024.

Vijana wetu wa Afrika Mashariki waendao kutumika katika ndege za Ghuba wana hali nyingine. Huko Qatar na katika Falme za Kiarabu mfanyakazi mgeni hana chama cha kumsemea. Mwaka 2015 Shirika la Kazi Duniani lilitamka kwamba Qatar iliruhusu shirika lake la ndege kuwabagua wahudumu wanawake: mkataba ulimpa mwajiri uwezo wa kumwachisha aliyepata mimba, na kanuni zilimzuia mhudumu kusindikizwa kazini na mwanamume asiye baba, kaka au mume wake. Kanuni hizo zililegezwa baada ya malalamiko hayo ya kimataifa. Wazazi wanaofurahia barua ya ajira wausome na mkataba ulioambatanishwa, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kuchinja mbuzi wa sherehe.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma, na kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Ni sheria nzuri. Lakini ni wangapi wanaoandika saa? Utingo hufika kituoni alfajiri, gari likaondoka likishajaa. Kibarua husubiri langoni mwa ghala hadi lori lifike. Msichana wa kazi za nyumbani hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Tangu Papa Leo XIII alipoandika Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa limefundisha juu ya ujira wa haki, na mafundisho hayo hayaishii kwenye malango ya viwanda vya wengine. Mpishi wa nyumba ya mapadre anapongoja wageni wa jubilei hadi saa nne za usiku, muda huo ni wa nani?

Kamati za Haki na Amani zitakapokutana, tunaomba zianze na orodha ya watu wanaofanya kazi parokiani: mlinzi, mpishi, mwalimu wa chekechea, katekista. Mbele ya kila jina iandikwe saa anayofika, saa anayoondoka, na saa anazolipwa. Orodha hiyo isomwe mbele ya Baraza la Walei, paroko akiwapo.