Mkoloni Aliondoka, Kalamu Yake Ikabaki



Misemo miwili imezagaa katika vikundi vyetu. Wa kwanza: «Mkristu hajihusishi na siasa.» Wa pili: «Taabu zetu zote zililetwa na Wazungu.» Yaonekana kupingana, kumbe ni ndugu. Mmoja hutukataza kufungua kitabu. Mwingine hutudanganya kwamba tumekwisha kukisoma.

Tutazame jambo moja tu: ardhi. Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa mfalme Léopold II ulitoa amri kwamba ardhi tupu ni mali ya dola. Hivyo mashamba yaliyopumzishwa na misitu ya mawindo ya babu zetu yangeweza kuhesabiwa kuwa hayana mwenyewe. Huo ulikuwa unyang’anyi, na hakuna wa kuukanusha.

Lakini tuendelee kusoma. Baada ya uhuru wa 1960, sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ilirudisha ardhi mikononi mwa dola ya Kongo, si mikononi mwa vijiji. Kisha sheria ya 20 Julai 1973, wakati wa Mobutu, ikatamka kwamba udongo wote ni mali ya Leta peke yake. Kuhusu ardhi za vijiji, iliahidi amri ya Rais itakayopanga haki za wakaaji wake. Miongo ikapita bila amri hiyo kutolewa. Mkono ulibadilika, kalamu ikabaki ileile.

Basi, mama anayefukuzwa shambani kwa hati yenye muhuri atasaidiwa na nani? Na kijana anayemwambia asali tu na kuvumilia? Au na yule anayewalaani Wabelgiji, hali hati yenyewe hawezi kuieleza? Nabothi naye aliangamizwa kwa barua zenye muhuri wa mfalme, shamba lake la mizabibu likatwaliwa. Bwana hakumwambia Eliya akae kando kwa kuwa hayo ni siasa. Alimtuma amkabili Ahabu.

Wako watakaosema kwamba elimu hii ni ya wanasheria na wa chuo kikuu. Wanaonufaika na ujinga wetu watafurahi sana kusikia hivyo. Kila kikundi kitafute sheria ya 1973, kiisome kifungu kwa kifungu, kimwalike mtu wa Tume ya Haki na Amani aifafanue, kisha kiwaeleze wazee kwa lugha yao. Sala yetu ianzie hapo, nayo isiishie hapo.