Kutu ya Mtwara: Rangi haina kosa, shida iko chini yake

Mtu wa Shangani au Msangamkuu hahitaji kuelezwa kutu ni nini. Unapaka geti rangi kwa ajili ya Idi, kabla Idi nyingine haijafika limeshatoa vipele vya kahawia. Lawama zote zinaenda dukani: "Hii rangi feki."

Mara nyingi rangi inaonewa bure. Shida ni jinsi chuma kilivyosafishwa kabla ya kupakwa.

Kwa geti, hasara ni ya mwenye nyumba. Lakini Mtwara ya leo ina vyuma vizito zaidi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ikaanza kutumika 2006, na tangu 2015 inasafirishwa hadi Dar es Salaam kwa bomba la inchi 36. Kuna mradi wa bomba jingine la takriban kilomita 34 kutoka Ntorya hadi mtambo wa Madimba. Kuna bandari, matangi ya mafuta, na vivuko: MV Mafanikio wa Msangamkuu na MV Kilambo kule Mto Ruvuma. Huko kutu si suala la urembo tena. Ni usalama wa watu na fedha za umma.

Brashi ya waya haitoshi

Upepo wa bahari unabeba chumvi. Chumvi inaingia kwenye vitundu vidogo vya chuma, inavuta unyevu, kutu inaanza upya chini ya rangi mpya. Brashi ya waya inang'arisha juu tu. Vitundu vinabaki na uchafu wao, na chuma kinakuwa laini kiasi kwamba rangi haina pa kushika.

Njia inayotumika viwandani ni kukirushia chuma punje ndogo za chuma kwa kasi kubwa, kwa mashine ya gurudumu au kwa mpira wa hewa ya kompresa. Punje za mviringo zinavunja kutu na magamba magumu yaliyotoka kiwandani. Zenye kona zinachimba "meno" madogo sana, ambayo kwa kazi nyingi ni kati ya maikroni 50 na 75. Rangi inang'ata hapo.

Faida nyingine ni kwamba chuma kikishakuwa cheupe hakifichi kitu. Ufa kwenye welding, au bati la kivuko lililoliwa likabaki jembamba, vyote vinaonekana kabla abiria hawajapanda.

Ila isidhaniwe kuwa mashine inamaliza kila kitu. Chumvi inatakiwa ioshwe kwanza kwa maji baridi yasiyo ya bahari. Na kwa unyevu wetu wa Pwani, chuma kilichosafishwa kinaweza kuanza kupata kutu ndani ya saa chache. Kanuni ya kawaida ni kutopaka kama unyevu wa hewa umezidi asilimia 85, na joto la chuma liwe juu ya kiwango cha umande kwa nyuzi 3 au zaidi. Ukisafisha jioni ukasema "tutapaka kesho asubuhi," umefanya kazi bure.

Si mchanga tunao?

Hapa ndo pa kuwa makini. Mchanga ni rahisi kupata, lakini ukigonga chuma unapasuka na kuwa vumbi la silika. Vumbi hilo linaharibu mapafu, na ugonjwa wake hauna tiba. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa aina hiyo katika kazi hii tangu miaka ya 1950 kuanza. Kitambaa usoni hakimsaidii fundi. Anahitaji kofia inayoletewa hewa safi.

Punje za chuma ni ghali kununua, lakini zinakusanywa na kutumika tena mara nyingi. Zina vumbi dogo zaidi, ingawa kinga bado ni lazima: kutu na rangi kuukuu, hasa yenye risasi, navyo ni sumu.

Kazi hii ni ya nani?

Mwaka 2013 wana-Mtwara waliingia barabarani wakiuliza gesi inawaachia nini. Majibu mengi yalikuwa ya mambo makubwa makubwa. Hili ni jibu dogo, lakini linashikika.

Mabomba husafishwa na kufunikwa kiwandani, ila kila ungio linalochomelewa porini husafishwa na kufunikwa palepale. Tukichukua vipande vya mita 12, kilomita 34 ni maungio zaidi ya 2,800. Baada ya hapo kuna matengenezo ya miaka na miaka: vivuko, matangi, makreni ya bandari. Ujenzi ukiisha wengi wanarudi nyumbani. Kutu haiendi likizo.

Sheria ya Petroli ya 2015 inataka Watanzania washirikishwe. Lakini kijana wa Madimba au Msimbati hawezi kushirikishwa kwenye kazi ambayo hajawahi kuiona. VETA Mtwara ipo. Kozi fupi ya usafishaji wa chuma, upakaji na ukaguzi, pamoja na vifaa vya kinga, ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya bomba lenyewe.

Na wanaosaini mikataba ya matengenezo wasiishie kuuliza rangi gani itapakwa. Waulize chuma kitasafishwaje, na nani atakikagua kabla kopo la kwanza halijafunguliwa.